Barua Iliyomwita Amani

Kila siku nikitoka shuleni sikuwa narudi nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kwanza kwa shangazi yangu Faida, dada ya baba, ambaye ana chumba cha kuchapa barua karibu na soko la Kasongo. Kazi zangu zilikuwa zilezile: kufagia, kupangusa vumbi la barabara lililotua juu ya kompyuta, kuangalia kama betri imepata jua la kutosha, kisha kukaa kando ya shangazi na kumsomea maneno ya wateja huku yeye akichapa. Huyu anataka barua ya kuomba kazi, yule anataka kadi za harusi ya mwanawe. Nilipofikisha miaka kumi na mitatu nilikuwa nachapa haraka kuliko shangazi mwenyewe, na habari hiyo sikumficha mtu yeyote.

Niseme ukweli mapema, maana hadithi hii inauhitaji. Mimi Rachida nilikuwa na majivuno. Nilifurahi sana watu waliposimama mlangoni na kuangalia vidole vyangu, wakasema, "Mutoto huyu ni fundi."

Jambo nililolipenda kuliko yote ni lile ambalo kompyuta yetu, inayojua Kifaransa tu, inaliita publipostage. Unaandika barua moja peke yake, na mahali pa jina unaacha nafasi. Halafu unatengeneza jedwali: safu ya majina ya wazazi, safu ya majina ya watoto, safu ya vijiji. Ukibonyeza, kompyuta inachukua mstari mmoja wa jedwali na kutoa barua yake, inachukua mstari wa pili na kutoa yake, hadi jedwali liishe. Barua sitini zinatoka, na kila moja ina jina la mwenyewe.

Tena unaweza kuipa sharti. Kompyuta inaandika si, alors, sinon, yaani ikiwa, basi, kama sivyo. Ikiwa kwenye safu fulani kuna neno hili, basi andika maneno haya. Kama sivyo, andika yale. Shangazi alinifundisha kwa kadi za harusi. Ikiwa mgeni ni mwanamke, andika "Bibi". Kama sivyo, andika "Bwana". Nilielewa siku hiyohiyo, na tangu hapo nikawa naomba kazi zenye masharti kama wenzangu wanavyoomba miwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, Mama Régina, mkuu wa shule yetu, alikuja kwa shangazi na madaftari mawili. Shule ilikuwa inafungua darasa jipya kwa watoto wa upande wa Kabambare waliopoteza masomo kwa sababu ya kukimbia vita. Majina yao yalikuwa yameandikwa na shule za vijiji vyao mwaka uliopita, kabla ya watu kukimbia. Sasa walimu wawili walikuwa wamepita tena nyumba kwa nyumba ili kujua nani bado yupo. Daftari moja lilitoka Lusangi na la pili Wamaza.

"Iko watoto walikufa tangu walipoandikwa," alisema Mama Régina, na sauti yake ikashuka. "Wazazi wao tuwaandikie vilevile, tuwape pole. Hatuwezi kunyamaza sawa vile hatukuwajua. Lakini barua zote zitoke leo. Kesho asubuhi Iliasi anazipeleka na pikipiki."

Shangazi alikuwa na safari ya kwenda kumwangalia bibi yetu aliyekuwa mgonjwa. Alinitazama. "Utaweza peke yako?"

"Nitaweza, shangazi."

"Ukishindwa mahali, uache. Uningojee."

Nilianza na daftari la Lusangi. Kwenye safu ya hali, mwalimu wa huko alikuwa ameandika "hai" mbele ya majina mengi, na "marehemu" mbele ya majina manne. Nikatunga sharti langu. Ikiwa hali ni "marehemu", andika barua ya pole. Kama sivyo, andika kwamba mtoto anangojewa shuleni. Nilijaribu na majina machache, ikafanya kazi vizuri kabisa. Wasichana wawili wa darasa langu walikuwa wamesimama dirishani wakiniangalia, nami nilikuwa nimewaambia kwamba nitamaliza kabla ya adhana ya alasiri.

Nikaingia kwenye daftari la Wamaza, lililoandikwa na mwalimu wa huko, Mwalimu Grégoire, kwa herufi ndogondogo. Hai, hai, hai. Mstari wa kumi na saba ulisema: mzazi, Emilienne, mtoto, Amani, kijiji, Wamaza. Kwenye hali hapakuwa na kitu. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na maneno haya: "Palipo wazi, muniulize. Grégoire."

Niliyasoma maneno hayo. Siwezi kusema kwamba sikuyaona. Mwalimu Grégoire alikuwa amekwisha kuhamia Kasongo ili kufundisha darasa hilo jipya, na alipanga chumba nyuma ya kanisa, mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Lakini jua lilikuwa kali, wasichana walikuwa dirishani, na watoto wengine wote wa Wamaza walikuwa hai. Nikajiambia mwalimu alichoka tu, akaruka mstari. Nikaacha pale pawe wazi, nikabonyeza.

Kompyuta haikuona neno "marehemu" kwenye mstari wa Amani. Ikafanya kama nilivyoiagiza. Barua ikatoka hivi: "Tunafurahi kukujulisha kwamba mtoto wako Amani ameandikwa katika darasa letu hapa Kasongo. Kiti chake kiko tayari. Tunamngojea Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi."

Mama Régina alirudi akatia sahihi barua sitini na tatu huku akizungumza na mteja mwingine, akapiga muhuri kwenye kila moja. Hakusoma hata tatu. Shangazi aliporudi aliuliza kama nimemaliza, nikamjibu, "Zamani!"

Alhamisi mchana Iliasi, yule mwenye pikipiki, aliingia kwetu akiwa bado na vumbi la Wamaza kwenye nyusi. Kwa kawaida Iliasi akifika anaanza na utani, anamuuliza shangazi lini watafunga ndoa. Siku hiyo alikaa kwenye benchi bila kuvua kofia yake.

"Faida, kule Wamaza mulituma barua gani?"

"Za shule. Juu ya nini unauliza?"

"Iko mama moja, Emilienne. Mutoto wake Amani alikufa mwaka jana, wakati watu walikimbia. Wanasema alizikwa huku Kasongo, na mama hakuona kaburi. Jana miye nilimupa barua yenu kwa mikono yangu. Barua inasema mutoto ameandikwa hapa, kiti iko tayari. Na iko na kashe, muhuri ya shule."

Shangazi aliacha kuchapa. "Basi?"

"Basi anaimba. Nililala pale kijijini, nikaona na macho yangu. Anafagia njia toka mulangoni mpaka barabarani. Saa ya kula anaweka sahani mbili. Ukimuita Emilienne haitike, anataka watu wamuite Mama Amani sawa zamani. Leo asubuhi watoto hawapite tena mbele ya nyumba yake. Wanasema mule ndani iko mutu anakula ile sahani ya pili." Iliasi akatazama mikono yake. "Miye ni mutu muzima, Faida. Lakini nilipita pale mbio."

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema: kama mutoto alikufa Kasongo, Kasongo wangejua. Atakuwa hapa Jumatatu."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Nikaanza kufagia upya mahali nilipokwisha kufagia. Shangazi aliniuliza, "Rachida, kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Nilisema haraka sana, na hilo lilikuwa uongo wangu wa kwanza.

Shangazi alipotoka kumsindikiza Iliasi, nilifungua jedwali. Nilitafuta mstari wa kumi na saba. Pale kwenye hali palikuwa peupe, na kile kijistari cha kompyuta kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, kikingoja niandike. Niliogopa kama mtu anayesikia hatua nyuma yake mahali pasipo na watu. Nikaandika "marehemu", nikahifadhi, nikafunga. Nilidhani nikifanya hivyo hakuna atakayejua kwamba palikuwa wazi, na kosa litakuwa la mashine.

Tangu saa ile mtoto ambaye sikuwahi kumwona hakuniacha. Ijumaa nilipita sokoni, mwanamke mmoja akaita, "Amani! Amani, kuya hapa!" na chupa ya mawese ikaniponyoka mkononi, ikavunjika. Alikuwa anamwita mwanawe mdogo mwenye kaptura nyekundu, lakini mimi nilikimbia hadi nyumbani. Mama alipopakua chakula nilihesabu sahani. Tulikuwa watu sita na sahani zilikuwa sita, nami nikahesabu tena. Dada yangu mkubwa akanicheka, akaniuliza kama nimekuwa karani wa jikoni. Sikuweza kumeza sombe, yale majani ya muhogo, hata kidogo.

Jumamosi Mama Régina alikuja pamoja na Mwalimu Grégoire. Habari za Wamaza zilikuwa zimewafikia. Mwalimu Grégoire ni mtu mrefu, mpole, anayeinamisha kichwa hata kwenye mlango mrefu. Siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu.

"Nani alichapa ile ya Amani?" aliuliza Mama Régina.

"Miye," nilisema.

"Ilikuwa namna gani?"

"Mashini ilikosea."

Mama Régina alishusha pumzi, akasema mashini ni vile, hata ya kwake ya ofisi inakula maneno. Mwalimu Grégoire alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha akaufunga. Shangazi Faida alikwenda kwenye kompyuta. Alifungua jedwali, akachapa tena barua ya Amani peke yake. Barua ikatoka ya pole, sawasawa. Akaisoma mara mbili.

Wageni walipokwenda, aliiweka ile barua mezani, na kando yake akaweka daftari la Wamaza, limefunguliwa kwenye ukurasa ule. "Hapa kwa daftari iko wazi. Hapa kwa mashini iko 'marehemu'. Nani aliandika?"

"Sijue, shangazi."

Nilitegemea kofi, au kelele. Shangazi alinitazama kwa huzuni tu, na huzuni ile iliniumiza. "Sitakusemea, utasema mwenyewe," alisema. "Jumatatu asubuhi tutaenda shuleni pamoja, miye na weye."

Jumatatu tulifika kabla ya kengele. Darasa jipya lilikuwa limejaa watoto wa Lusangi na Wamaza, wengine na wazazi wao, na kila mtoto alikuwa na daftari lake mbele yake. Mlangoni alisimama mwanamke mwembamba, miguu yake imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa ametembea siku mbili. Kichwani alikuwa na furushi, na mkononi shati jeupe la mtoto, jipya, lililoshonwa kwa mkono. Watu wa Wamaza walipomwona walisogea kando, na mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu.

Emilienne aliangalia nyuso za watoto, safu kwa safu, polepole. Alipofika mwisho alianza tena mwanzo. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma palipokuwa na nafasi, akaweka shati juu ya meza.

Mama Régina alimkaribia. "Mama, pole sana kwa safari. Ile barua ilikosea. Ni mashini."

Mwanamke alitoa barua kwenye mfuko wa plastiki, akaikunjua. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na ndiyo maana ilitisha. "Mashini? Mwaka jana watu walikuya kuniambia amekufa. Nikawauliza, mulimuona? Kila mutu alisikia kwa mwenzake. Hakuna hata mumoja alisema, miye nilimuona. Sasa kartasi inasema iko muzima. Leo munasema mashini ilikosea. Mashini ilikosea sasa, ao watu walikosea mwaka jana? Hamujue. Nyote hamujue kitu. Basi miye nitamungojea hapa."

Akakunja mikono juu ya lile shati. Nami nikaona wazi, kwa mara ya kwanza, uongo wangu ulikuwa umefanya nini. Maadamu kosa ni la mashine, hakuna mtu wa kulikanusha, na mama huyu atakaa kwenye benchi lile leo, na kesho, na mwaka ujao, akingoja. Shangazi alikuwa kando yangu lakini hakunigusa.

"Mama," nilisema. "Si mashini. Ni miye."

Aligeuka.

"Miye ndiye nilichapa ile barua. Kwa daftari, mbele ya jina ya Amani, palikuwa wazi. Mwalimu aliandika tumuulize. Nilisoma, na sikuenda kuuliza. Mashini haikujua kitu, ilifanya vile nilivyoiambia. Halafu niliogopa, nikaandika juu yake, nikadanganya watu."

"Weye ulimujua Amani?"

"Hapana, mama."

"Ulimuona hapa Kasongo? Hata njiani?"

"Hapana. Sikumuona."

"Juu ya nini basi uliandika anangojewa?"

"Palikuwa wazi. Sikuuliza."

Aliendelea kunitazama. Machozi yalinitoka lakini sikuinamisha uso, kwa sababu niliona ana haki ya kuutazama. Ndipo Mwalimu Grégoire alipotoka mbele ya ubao. Alipita kati ya mabenchi, akapiga magoti mbele ya mwanamke yule, mtu mrefu vile, mbele ya wanafunzi wake wote.

"Mutoto huyu amesema yake. Na miye niseme yangu," alisema. "Mama Amani, miye ndiye nilimuona. Siku ile ya risasi, weye ulikimbia upande wa mashamba, yeye alikuwa shuleni kwangu. Nilimubeba kwa kinga, baiskeli yangu, mpaka huku Kasongo. Alikuwa na surua. Alikufa siku ya tatu, mikononi mwangu, na miye ndiye nilimuzika."

Emilienne hakusogea. "Mwezi uliopita ulikuya kwangu na daftari. Nilikupa maji. Nilikuuliza, mwalimu, hukumuona mutoto wangu?"

"Uliniuliza. Nilikunywa maji, nikanyamaza. Kwetu wazee walikataza kuandika neno ile mbele ya jina ya mutoto, kama mama yake hajakaa kilio. Nikaacha wazi. Nilisema ni heshima. Ilikuwa heshima, na ilikuwa woga vilevile."

Nje mtu alipita na baiskeli yenye kengele.

"Kaburi iko wapi?" aliuliza Emilienne.

"Nyuma ya kituo cha afya. Si mbali."

"Unipeleke."

Tulikwenda wanne: yeye, Mwalimu Grégoire, shangazi na mimi. Kaburi lilikuwa dogo, limezungushiwa mawe, na majani yalikuwa yamelifunika upande mmoja. Nilipiga magoti nikaanza kuyang'oa bila kuambiwa. Emilienne alikaa chini, akaweka kiganja chake juu ya udongo. Hakulia. Kisha alisema, bila kunitazama, "Siku tano nilikuwa na mutoto. Nilimushonea shati." Sikujua kama ananilaumu au anamsimulia Amani. Nadhani sitajua kamwe.

Tuliporudi sokoni alitaka jambo moja. "Wamaza yote waliona ile kartasi ya kwanza," alisema. "Nikirudi mikono mitupu, watasema nimekaa na muzimu nyumbani. Muniandikie ingine. Na yenyewe iwe na kashe."

Shangazi alifunga mlango kwa wateja, akaniashiria nikae kwenye kompyuta. Safari hii hapakuwa na jedwali wala sharti. Ilikuwa barua moja ya mtu mmoja, na kila neno nililiuliza. Alizaliwa mwaka gani? Alikuwa darasa la ngapi? Alikuwa anapenda nini? Emilienne alijibu, Mwalimu Grégoire akaongeza alichokijua yeye: siku aliyofariki, saa, watu waliokuwapo. Nilipofika mahali pa kuandika barua inakwenda kwa nani, nilisita.

"Niandike Mama Emilienne?"

"Andika Mama Amani," alisema shangazi.

Mwanamke aliinua uso. "Miye ni Mama Amani bado?"

"Ulimuzaa ao hukumuzaa?"

"Nilimuzaa."

"Basi."

Kisha Emilienne alimgeukia Mwalimu Grégoire, akamwonyesha daftari lake pale mezani. "Na weye, andika. Nimeona kaburi. Nakupa ruhusa." Mwalimu alichukua kalamu. Aliandika lile neno kwenye mstari wa kumi na saba, akaandika na tarehe. Mama Régina alikuja na muhuri. Kabla ya kuupiga, alisoma barua yote toka juu hadi chini, akanirudishia nirekebishe jina la kituo cha afya, kisha akaisoma tena.

Nikamsomea Emilienne kwa sauti. Aliomba niisome mara ya pili. Mara ya tatu nilipofika kwenye maneno "alikufa mikononi mwa mwalimu wake, hakuwa peke yake", alifunika uso kwa lile shati akalia kwa sauti kubwa, kilio cha mwaka mzima. Shangazi alikaa naye chini sakafuni, akamshika mabega hadi kilio kikatulia.

Wiki iliyofuata Iliasi alituletea habari. Mama Amani aliwakusanya watu wa Wamaza, mwalimu mmoja akawasomea barua, na kilio kikakaa siku tatu kama desturi. Kwake sasa inawekwa sahani moja, na watoto wameanza tena kupita mbele ya nyumba yake, hata wanaingia kuomba maji.

Iliasi alipoondoka, shangazi alinionyesha kwenye kompyuta sharti jipya aliloliongeza: ikiwa safu ya hali iko wazi, kompyuta iruke mstari huo, barua isitoke kabisa.

"Hii ni nzuri," nilisema. "Sasa haitakosea tena."

"Rachida, haikukosea hata ile siku. Mashini inajibu swali moja tu, lile uliloipa. Pale penye wazi, iko mutu wa kuulizwa, na kazi ya kwenda kumuuliza ni yako." Akavuta kiti chake karibu na changu. "Lakini kukosea si jambo kubwa ninakuambia. Kila mutu anakosea. Hata miye nilikosea, nilikuachia kazi na sikuisoma. Hesabu siku. Alhamisi, Iliasi alisimama hapa akasema yote. Ungesema palepale 'ni miye', ningepanda pikipiki yake siku ileile, na mama yule angekuwa amengoja siku mbili tu. Siku zingine, na njia yote ile kwa mguu na shati mkononi, ni kunyamaza kwako kulimupa. Ukikosea, sema haraka. Iko mutu mahali fulani anateseka wakati weye unatafuta maneno."

Nililia tena kidogo, naye akaniacha nilie. Halafu mteja akabisha hodi, mzee mmoja mwenye karatasi iliyofutikafutika kwa mvua. Nikamkaribisha, nikamwekea kiti, nikaanza kumuuliza jina lake.